Kupanda kwa Takbiri, Kushuka kwa Tasbihi

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), nataka, ndugu msomaji, nikusimulie jambo ambalo kwa miaka kadhaa nimelisimulia kwa mdomo tu, tena mbele ya watu wachache. Leo nalitia katika kalamu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba, tangu kanuni za pikipiki kubeba abiria kwa malipo zilipowekwa nchini Tanzania mwaka 2010, ni nadra kuona nyumba ya Kiislamu isiyokuwa na kijana anayeendesha pikipiki, au isiyotumia kijana wa mwenzake. Ya pili ni kwamba kosa nililolitenda halikuwa la barabarani peke yake. Lau lingekuwa la barabarani tu, ningeliachia askari wa usalama.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na nilisoma kwa mashekhe wa Tanga. Mwaka 1986, nikiwa kijana wa miaka ishirini na mitano, nilipelekwa Bariadi kusomesha watoto. Wakati huo Bariadi ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga; mkoa wa Simiyu umezaliwa mwaka 2012. Ewe msomaji uliyezoea minazi na sauti ya bahari, hebu fikiri nchi ya tambarare, yenye vilima vya mawe huku na huku, na pamba imechanua kama nguo nyeupe zilizoanikwa mpaka macho yachoke. Wenyeji wake ni Wasukuma, watu wakarimu, wenye ng'ombe wengi na maneno machache. Waislamu hatukuwa wengi. Tulikuwa na msikiti mmoja mjini kwetu, na vyuo vidogo vya Kurani vilivyotawanyika vijijini: Dutwa, Ngulyati, Nkololo na kwengineko.

Vyuo hivyo nilivizungukia kwa baiskeli, mpaka mwaka 1994 jamaa wa msikiti walipochangishana wakaninunulia pikipiki iliyokwisha kutumika. Basi tangu siku hiyo nikawa Maalim wa pikipiki. Masika, udongo mweusi wa mbuga huganda katika gurudumu mpaka likagoma kuzunguka. Ukashuka, ukachokoa kwa kijiti, ukapanda tena. Kiangazi ni vumbi. Katika miaka ile yote sikuanguka anguko la kutajwa. Na hapo, ndugu msomaji, ndipo ugonjwa ulipoanzia. Mtu asiyeanguka muda mrefu huanza kudhani kuwa kutoanguka ni hodari wake.

Vijana wa bodaboda walipozidi mjini, nikawa nawasema. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyefika juzuu ya kumi kisha akaacha chuo baada ya baba yake kufariki. Kwanza alikwenda kuwa utingo wa malori, halafu akarudi akakabidhiwa pikipiki ya mtu, akawa anapeleka hesabu kila jioni. Ijumaa moja nikiwa juu ya minbari nilisema kuwa vijana hawa wanaendesha kama waliorogwa, wala hawana amana. Sikumtaja jina, lakini nilimtazama. Na watu wote waliona ninamtazama nani.

Sasa sikiliza safari yenyewe. Mwaka 2017 alifariki mzee mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe, naye katika maradhi yake alikuwa ameniusia jambo. Aliniambia kwamba mwaka 2003 alichukua ng'ombe wawili kwa mkopo kutoka kwa mtu wa Iramba, upande wa Singida, na hakuwahi kulipa. Mdai naye amekwisha kufa, amebaki mkewe. "Maalim," aliniambia, "usinizike na ng'ombe wa watu." Unajua, msomaji, kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni akajizuia kumsalia, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua deni lile juu yake. Basi na mimi nililichukua. Warithi, Mungu awalipe, walitoa bei ya ng'ombe wawili kwa thamani ya siku hizo, wala hawakugombana.

Wako waliosema fedha zipelekwe kwa simu. Lakini simu hupeleka fedha. Haipeleki ombi la radhi. Ilibidi mtu aende.

Wengine wakaniambia nipande basi. Hapo nafsi ikanong'ona: basi la nini, na mimi miaka ishirini na zaidi niko juu ya pikipiki? Yule kijana akasikia, akaja nyumbani jioni. Akasema, "Maalim, barabara ile ina mlima wa Sekenke. Mimi nimeupita na malori. Niache nikupeleke." Nikamjibu kwamba sitaendeshwa na mtu wa kijiweni. Akainamisha kichwa kidogo, kisha akasema, "Basi endesha wewe, Maalim, mimi nikae nyuma." Hilo nililikubali, maana lilinipa cheo.

Tulitoka baada ya sala ya Alfajiri. Nilisoma ile dua ya mwenye kupanda chombo, iliyo katika Suratu Zzukhruf, ambayo ndani yake mja hukiri kuwa yeye mwenyewe hangeweza kukitiisha kile alichokipanda. Niliisoma kwa ulimi. Tukapita Maswa, tukaipata barabara kuu pale Mwigumbi, tukapita Shinyanga na Tinde, tukalala Nzega viungo vimekufa ganzi. Kesho yake tukashika njia ya Igunga, tukaivuka mbuga ya Wembere, nchi iliyolala kama sinia, ambayo maji yake huelekea ziwa Kitangiri. Ukifika Shelui unainua uso, na mbele yako umesimama ukuta.

Huo ndio Sekenke. Mbuga ya Wembere iko chini, nchi ya Iramba iko juu, na barabara inakwenda kwa kona kutoka chini hadi juu. Msomaji wa Tanga aikumbuke njia ya kutoka Mombo kupanda Soni mpaka Lushoto, atajua ninasema nini. Tafauti ni kuwa hii ya Sekenke ni njia kuu ya malori yatokayo bandarini kwenda Mwanza na nchi za jirani. Katika milima hiyo hiyo Wajerumani walichimba dhahabu, na mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora ikapigwa sarafu za rupia kumi na tano, zenye sura ya tembo upande mmoja. Mwaka huo huo walioipiga wakaondolewa Tabora. Dunia ni hiyo.

Tulipoanza kupanda, kijana akanionyesha lori lililokuwa likijikokota mbele yetu kwa moshi mweusi. Nyuma yake alikuwa anatembea utingo kwa miguu, mkononi ana gogo. "Mimi nilikuwa yule," akaniambia. "Gari likishindwa, unatia gogo nyuma ya tairi kabla halijaanza kurudi. Ukichelewa, limekwenda." Nilitikisa kichwa, na mawazo yangu yako kwengine. Sikujua kwamba mwenye gogo amekaa nyuma yangu.

Imepokewa kutoka kwa Jabir bin Abdillah (R.A.), katika Sahihi ya Bukhari, kwamba Masahaba walipokuwa wakipanda mahali pa juu walileta takbiri, na walipokuwa wakiteremka walileta tasbihi. Basi kila kona nililetea takbiri, na kijana akaitikia. Injini ilinguruma lakini haikukata tamaa. Tulipofika juu nikageuka kuitazama Wembere, imetanda chini kwa rangi ya majani makavu, na malori yamekuwa kama sisimizi. Ulimi wangu ulikuwa unasema Mungu ni Mkubwa. Moyo wangu, Mungu anisamehe, ulikuwa unasema mimi nimepanda.

Tukaenda mpaka Misigiri, tukaingia ndani kwa njia ya vumbi, tukampata yule mama. Alikuwa Mnyiramba mtu mzima, si wa dini yetu. Nasema hivi kwa makusudi, maana wako wanaodhani haki ya asiyekuwa Mwislamu ni nyepesi. Haki ya mtu ni haki ya mtu, na mbele ya Mola kila mwenye haki atasimama kuidai. Nilimpa fedha, nikamwomba radhi kwa niaba ya marehemu. Alizishika muda mrefu bila ya kuzihesabu. Kisha akasema, "Shehe, miaka kumi na minne, kila nilipouza mbuzi kwa ajili ya ada ya watoto nilimlaani mtu huyu. Leo na mimi naomba anisamehe, na yeye hayupo." Nilikosa la kusema. Akatufungia kuku wawili, tukaaga.

Kurudi, tulipofika ncha ya mlima, kijana aliniomba nisimame. Akasema maneno mawili. La kwanza: "Maalim, kofia hiyo itie mfukoni, uvae hii ngumu." Maana safari nzima nilikuwa nimevaa kofia yangu ya viua, na ile kofia ngumu nimeitundika kwenye usukani, ati inanibana. La pili: "Tushuke kwa gia ile ile tuliyopandia. Ndivyo malori yanavyofanya. Breki tuiguse tu, tusiikalie."

La kwanza nililikubali kwa shingo upande. La pili nikalijibu kwa neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Mimi nimeanza kuendesha pikipiki wewe hujazaliwa." Kisha, kama nilivyozoea katika viteremko vifupi vya kwetu, nikatoa gia, nikazima injini ili kubana mafuta, nikaiacha pikipiki iserereke. Kimya kilikuwa kitamu. Upepo ulivuma masikioni. Wala sikukumbuka tasbihi hata moja.

Ndugu msomaji ambaye hukuwahi kuendesha, nikueleze kwa ufupi. Injini ikiwa katika gia ndogo hulishika gurudumu lisikimbie, nayo haichoki. Breki hubana kwa msuguano, na msuguano huleta joto. Ukiikalia breki kwa mteremko mrefu, vile vipande vinavyobana ndani ya gurudumu hupata moto, na vikipata moto haviumi tena. Unakanyaga, mguu unakwenda chini, na chombo hakisikii.

Kona ya tatu nilisikia harufu ya kuungua. Ya nne nilikanyaga na breki haikunijibu. Mbele yetu lori lilikuwa linapanda, na ubavuni mwake gari jingine linalipita, njia yote imejaa. Kijana akanisemesha sikioni, wala sauti yake haikupanda: "Washa, Maalim. Gia kubwa kwanza. Taratibu." Mimi kwa kiwewe nikaisukuma gia ndogo na kuiachia klachi kwa mpigo. Gurudumu la nyuma likakaba, pikipiki ikaenda ubavu, tukatoka njiani tukaingia katika mtaro wa maji ulio upande wa mlima. Lau tungekwenda upande wa pili, nisingekuandikia haya. Kofia ngumu ilipasuka juu ya jiwe. Kichwa changu hakikupasuka. Nilivunjika mtulinga. Kijana, mguu wake ulibaki chini ya pikipiki, mfupa wa muundi ukavunjika. Kuku wakakatika kamba, wakaingia kichakani wazima.

Madereva wa malori walisimama, wakatubeba mpaka Shelui, wakatufunga vijiti. Hakuna aliyetuuliza dini wala kabila. Baada ya siku chache tulirudishwa Bariadi kwa gari.

Sasa nafika pahala ambapo kalamu ni nzito. Watu walikuja kunitazama, na kila aliyeingia alisema, "Pole, Maalim. Vijana hawa wa pikipiki!" Wote walidhani kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Nilimsikia wa kwanza, nikanyamaza kwa sababu ya maumivu. Nilimsikia wa pili, nikanyamaza kwa sababu nilikwisha kunyamaza kwa wa kwanza. Baada ya wiki mbili ukimya wangu ulikuwa umekwisha kuwa uongo uliokomaa. Mwenye pikipiki aliyomkabidhi akaichukua akampa mwengine. Na yeye kijana, alipoulizwa, alisema tu, "Ni ajali." Hakuutaja mkono wangu.

Kilichonisaidia kunyamaza, ndugu msomaji, ni neno zuri. Watu waliniambia ajali haina kinga, na hii ni kadari ya Mungu. Kadari ni nguzo ya imani yetu, hapana shaka. Lakini kadari si shuka la mtu kujifunika makosa yake. Yule Bedui aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga ili ategemee, aliambiwa amfunge kwanza na kisha ategemee. Mimi ngamia wangu nilimfungua kwa mkono wangu, juu ya mlima, baada ya kuonywa na anayeujua mlima. Kisha nikataka kumsingizia Mola wangu.

Wiki ya tatu mama yake kijana alikuja na uji wa ulezi, amenipikia mimi. Akakaa chini, akasema, "Maalim, mwanangu anakuombea upone haraka, anasema chuo kimelala." Uji ule haukupita. Nilikumbuka yule mama wa Iramba na laana zake za miaka kumi na minne. Nikajiona: nilikwenda kulipa deni la maiti, nikarudi na deni langu mwenyewe nikiwa hai, na mdai wangu ananipikia uji.

Ijumaa iliyofuata niliomba watu wasiondoke baada ya sala. Nikasimama, mkono umefungwa shingoni, mahali pale pale nilipokuwa nimemtazama kijana yule. Nikasema: aliyekuwa akiendesha ni mimi. Aliyeonya ni yeye. Aliyekataa onyo ni mimi, na aliyenyamaza wiki tatu ni mimi. Nilimsema hadharani kuwa hana amana, na yeye akaificha aibu yangu mguu wake ukiwa umevunjika. Basi tazameni wenyewe amana iko kwa nani. Kimya kilikuwa kikubwa. Mzee mmoja wa safu ya mbele akalia, nami nikashuka.

Kisha nikaenda kwake. Aliniambia, "Nimekwisha kusamehe, Maalim." Nikamwambia, "Msamaha wako nautaka, lakini kwanza pokea haki yako." Miezi mitano aliyolala, kila jioni nilimpelekea mama yake kiasi cha riziki aliyokuwa akiipata, na gharama ya matibabu niliichukua mimi. Niliiuza pikipiki yangu ili nitimize. Hasara yake haikuwa sadaka yangu kwake. Ilikuwa haki yake juu yangu. Tusichanganye mambo haya mawili, maana wako watu humlipa mtu haki yake huku wakitaka washukuriwe.

Siku hizi nimerudi Tanga, umri umevuka sitini. Majuzi mjukuu wangu alinionyesha katika simu vijana wa Ulaya wakiendesha pikipiki katika milima ya Alps, kwenye njia ya Stelvio huko Italia, iliyo juu ya bahari mita 2757, yenye kona za kupinda arubaini na nane upande mmoja peke yake. Wanakwenda kwa starehe, wamevaa mavazi mazito toka utosi hadi ukucha. Mjukuu akastaajabia namna wanavyopanda. Nikamwambia, "Mwanangu, waangalie wanavyoshuka."

Basi, ndugu msomaji, nakuachia haya machache. Kwanza, ewe mzazi, usimkabidhi mwanao pikipiki kabla hajafunzwa na kupata leseni, wala bila ya kofia ngumu. Dua ya kupanda ni yake, na kufunga ngamia pia ni juu yake. Pili, ewe kijana, gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Injini ikushikilie, breki uiguse tu. Tatu, msimdharau anayewabeba. Tukimwita mhuni kila siku, hata siku yake ya ukweli tutaisikia kama uhuni. Nne, sisi tunaoitwa masheikh na maalim, minbari nayo ni mahali pa juu, na kila aliyepanda atashuka. Suratul Israa, aya ya 37, inatukataza kutembea kwa majivuno, na kutukumbusha kuwa hatutaifikia milima kwa urefu. Mimi niliufika mlima kwa magurudumu mawili tu, nikasahau.

Zamani nilidhani takbiri na tasbihi zile ni adabu za safari basi. Sasa naona kwamba mwenye kupanda huhitaji kukumbushwa aliye Mkubwa, asije akajiona mkubwa yeye. Na mwenye kushuka humtakasa Mola asiyeshuka wala kupungukiwa, ili akubali kuwa yeye, mja, yuko katika kushuka. Katika umri wangu huu nimo katika mteremko, na nauteremka kwa gia ndogo.

Yule kijana sasa ana pikipiki yake mwenyewe, na siku za Jumamosi husomesha watoto alifu katika chuo cha Bariadi nilichokiacha. Namwomba Mwenyezi Mungu amhifadhi, amrehemu mzee wa ng'ombe wawili, na atupe sote wa kutuwekea gogo nyuma ya gurudumu, na masikio ya kumsikia. Amin.